Herufi Moja na Hukumu ya Nchi

Msafiri aondokaye Kyela alfajiri, akayaacha nyuma yake mashamba ya mpunga na kakao yaliyo karibu na Ziwa Nyasa, mahali ambapo ardhi haifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, hupanda kwa basi kwa saa chache tu, akapita migomba na chai ya Rungwe, akatokea katika milima ya Uporoto penye viazi, pareto na ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu. Katika mwendo huo mfupi mbu humpungukia, jasho humkauka, koti hutolewa mkobani, na jua, ijapokuwa haliunguzi kwa joto, huzidi ukali wake. Mwili wake ni ule ule na damu yake ni ile ile aliyoamka nayo. Walakini nchi imekwisha badilika, na lile ambalo huko chini lilikuwa ngao yake huenda huku juu likawa mzigo usio na ujira. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo, yaani namna herufi moja ya vinasaba iwezavyo kuigeuza protini inayoundwa mwilini, na kwa nini badiliko hilo hilo huwa maradhi kwa mmoja, kinga kwa mwingine, na kwa wa tatu lisiwe lolote.

Wakazi wa Mbeya na Iringa hawana haja ya kwenda mbali kuitafuta ithibati. Mifano iko katika damu ya baadhi ya watoto wao, katika ngozi za baadhi ya jirani zao, katika hindi wanalolisaga kwa ugali, na katika kirusi kilichowaondolea wazazi wengi. Kila mmoja wa mifano hiyo una namna yake ya kukosea maandiko, na kila mmoja una hukumu yake.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi za DNA, ambazo ndizo zichukuazo wasia wa baba na mama. Wasia huo umeandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C, na sehemu itokayo kwa mzazi mmoja peke yake ina urefu wa takriban herufi bilioni 3. Umbo lake lilibainishwa mjini Cambridge mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, ambao walitegemea sana picha za miali ya eksirei zilizopatikana London katika kazi ya Rosalind Franklin. Lakini kulijua umbo la maandiko si kujua kuyasoma. Ilipita miaka mingine zaidi ya kumi, hata kufikia 1966, ndipo wataalamu, miongoni mwao Marshall Nirenberg na Har Gobind Khorana, walipoikamilisha fasili ya herufi zile.

Usomaji wenyewe huenda kwa taratibu mbili. Kwanza, jeni moja, yaani fungu la herufi lenye agizo la protini moja, hunakiliwa ndani ya kiini kuwa uzi mfupi uitwao RNA, ambao ndio mjumbe. Kisha mjumbe huyo hutoka nje ya kiini na kufika kwenye ribosomu, vyombo vidogo mno vya seli, ambavyo humsoma herufi tatu tatu bila kuruka hata moja, na kwa kila tatu huleta asidi amino moja na kuiunga na iliyotangulia. Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa maneno 64. Kati ya hayo, 61 hutaja asidi amino, na 3 yaliyobaki ni amri ya kukoma. Kwa kuwa asidi amino ni 20 tu, aghalabu moja huwa na majina mawili, manne, hata sita. Mnyororo ukikamilika hujikunja wenyewe kwa umbo linalotokana na mpango wa asidi zake, na umbo hilo ndilo liamualo kazi: protini nyingine ibebe hewa, nyingine ivunje chakula, nyingine isaidie kuitia ngozi rangi.

Wazee wa pwani walionakili tenzi kwa herufi za Kiarabu waliijua vema hatari iliyomo katika kazi kama hii, kwani nukta moja ikianguka pasipo pake, maana ya mstari mzima hugeuka. Na tuchukue mstari mfupi wenye maneno ya herufi tatu tatu, tuukabidhi kwa mnakili aliyechoka: MTU ALA YAI PIA. Akiandika I mahali pa U, tutapata MTI ALA YAI PIA. Maneno yote yangali ni maneno, lakini sasa mti ndio unaokula. Akitia nukta ya kukomea baada ya ALA, mstari umekatika, na msomaji hatajua kilicholiwa ni nini. Lakini akiiacha herufi T peke yake, huku msomaji akiendelea kusoma tatu tatu kama alivyozoea, atasoma MUA LAY AIP IA: neno la kwanza limesadifu kuwa na maana, na yote yafuatayo ni upuuzi mtupu. Hizo ndizo ghalati kubwa za vinasaba: kubadili herufi, kukata agizo kabla ya wakati, na kuuteleza mpangilio wa usomaji. Iko na ya nne iliyo nyingi kuliko inavyodhaniwa, nayo ni ile isiyodhuru lolote. Kila mtoto azaliwaye huja na makumi ya herufi mpya ambazo baba yake na mama yake hawakuwa nazo, na aghalabu huishi hata uzeeni bighairi ya kuzijua.

Katika hizo zidhuruzo, iliyofahamika mapema kuliko zote ni ile ya selimundu. Mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick alieleza habari za seli nyekundu zenye umbo la mundu katika damu ya kijana mmoja. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa ila ilikuwa katika himoglobini, protini ibebayo hewa ya oksijeni. Na mwaka 1956, mjini Cambridge, Vernon Ingram aliifuata ila hiyo hata akaikuta mahali pamoja pa mnyororo uitwao beta, wenye asidi amino 146. Ilikuwa ya sita tu iliyogeuka. Nyingine zote 145 zilikuwa salama.

Mahali hapo pa sita panafaa kutazamwa kwa utulivu, maana panafundisha zaidi ya vitabu vingi. Herufi zake tatu ni GAG, nazo hutaja asidi glutamiki. Herufi ya mwisho ikigeuka kuwa A, neno huwa GAA, ambalo nalo hutaja asidi glutamiki ile ile, na mwenye badiliko hilo hatofautiani na mtu ye yote. Herufi ya kwanza ikigeuka kuwa A, neno huwa AAG, asidi amino nyingine iitwayo lisini huingia, na hiyo ndiyo himoglobini C ijulikanayo sana Afrika Magharibi, ambayo madhara yake si makubwa. Hiyo ya kwanza ikiwa T, neno ni TAG, yaani amri ya kukoma, na mnyororo hukatika ungali umeanza tu. Lakini ya katikati ikigeuka kuwa T, neno husomeka GTG, na ribosomu, isiyo na hiari ila kutii, huleta valini. Asidi glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Basi himoglobini ikiisha kuitua oksijeni yake, valini hizo hutafuta pa kujificha kwa kung'ang'ania himoglobini iliyo jirani, na hiyo jirani nyingine, hata zikafanyika nyuzi ndefu ngumu ziipindazo seli nzima. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hiyo iliyopindwa huishi 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu, hupatwa na maumivu ya viungo yasiyoelezeka, huvimba vidole, na asipopata tiba, maradhi madogo humwangusha. Dalili hazionekani mara azaliwapo, kwa sababu kichanga hutumia himoglobini ya tumboni, ambayo jeni yake ni nyingine na haina ila. Zianzapo kujitokeza katika miezi ya kwanza ya maisha, majirani wasiojua huanza kumtafuta mchawi.

Yafaa kuuliza ni vipi ghalati yenye madhara namna hii haikutoweka. Jibu lilipatikana katika nchi zetu hizi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipozunguka na kupima damu za watu mwaka 1949, aliona kuwa wenye jeni hiyo walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza ithibati kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu, aliyoirithi kwa mzazi mmoja tu, haugui selimundu, na fauka ya hayo anayo kinga dhidi ya malaria. Utafiti wa miaka ya karibuni huko Kilifi ulionyesha kuwa kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo, palipo na mbu, herufi ile iliwaokoa watoto wengi kwa gharama ya wachache. Pasipo na mbu, haikuwa na chochote cha kutoa ila gharama.

Ramani hiyo ya Allison unaweza kuisoma upya ndani ya mikoa hii miwili. Kyela, mabonde ya Usangu, na tambarare za Pawaga na Idodi zilizo joto kando ya Mto Ruaha Mkuu, ni nchi za mpunga na mbu. Mufindi na Uporoto ni nchi za baridi, na mkoa wa Iringa kwa jumla ni miongoni mwa mikoa yenye malaria haba kabisa nchini. Lakini watu hawakai mahali pamoja kama milima. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia zimewaleta Mbeya watu wa pwani na wa bara. Wafugaji wa Kisukuma walihamia Usangu na mifugo yao. Waalimu, askari na wachuuzi huhamishwa na kuoa walikofika. Jeni husafiri na mwenyewe, na haijui mpaka wa wilaya wala wa kabila. Mtoto mwenye selimundu azaliwaye katika mji wa baridi amepata hasara maradufu: wazazi wake hawakuihitaji ile kinga, na baridi yenyewe ya miezi ya Juni na Julai ni mojawapo ya mambo yawezayo kuyachochea maumivu yake. Blanketi, maji ya kunywa ya kutosha, na kuwahi zahanati kila homa imshikapo, kwake si anasa hata kidogo.

Makadirio yatajwayo mara nyingi ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye maradhi haya kila mwaka. Katika hospitali ya Muhimbili, tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa na kuonyesha kuwa upimaji wa mapema, kinga dhidi ya maambukizo, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo huiamsha tena ile himoglobini ya tumboni, huongeza uhai na kupunguza mateso. Tena yako matibabu mapya yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ambayo huichukua mbegu ya damu ya mgonjwa na kuikata DNA yake kwa makusudi ili himoglobini ya tumboni irudi: ghalati imetibiwa kwa ghalati nyingine, iliyofanywa kwa hesabu. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kwa hiyo kwa mkulima wa Kyela bado ni habari tu wala si tiba.

Mfano wa pili ni wa herufi zilizopotea. Watu wenye ualbino nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja katika kila 1,400 hivi, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Wataalamu waliochunguza damu za Watanzania na watu wengine wenye asili ya Afrika katika miaka ya 1994 na 1995 waligundua kwamba wengi wao wana badiliko lile lile katika jeni iitwayo OCA2, iliyo katika kromosomu ya 15: kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimeondoka. Kwa kuondoka kwake fungu moja la agizo hukosekana, yaliyobaki huungana kwa mpangilio usio wake, usomaji ukateleza kama ulivyoteleza ule mstari wa yai, na baada ya hatua chache ribosomu hukutana na amri ya kukoma. Protini iliyotakiwa kusaidia kutengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho, haikamiliki. Kwa kuwa kipande kilichopotea ni kile kile Tanzania, kusini mwa Afrika, na hata kwa Wamarekani weusi, inaonekana kuwa ghalati ilitukia mara moja, zamani sana, kwa mtu mmoja wa Afrika, kisha ikanakiliwa kwa uaminifu hata ikatufikia.

Hesabu yake yastahili kutafakariwa na kila aliye na ulimi mwepesi wa kumlaumu mama. Ikiwa mmoja katika 1,400 ana ualbino, basi takriban mmoja katika kila watu 19 anaichukua jeni hiyo pasipo dalili. Katika darasa la watoto 57 huko Iringa, yamkini watatu wanayo. Mtoto mwenye ualbino hupatikana pale baba na mama wote wawili wanapoichukua, na hata hapo, kila mimba ina nafasi moja tu kati ya nne. Baba amwachaye mkewe kwa sababu ya mtoto huyo amemwacha kwa jambo alilolichangia nusu kwa nusu.

Huku juu, hatari ina hila. Jua la Makambako au la Uporoto halionekani kuwa adui, kwa kuwa upepo wake ni wa baridi. Walakini miali ile isiyoonekana, ambayo ndiyo ichomayo ngozi na kuleta saratani, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 upandapo, maadamu hewa inayoichuja inazidi kuwa nyepesi. Mtu aketiye kivulini Kyela kwa kukimbia joto amejilinda bila kukusudia. Yule alimaye viazi juu mlimani, akifurahia ubaridi, anaungua pasipo kujua. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama yale yatengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu hawa, ndiyo melanini waliyonyimwa. Na macho yao, ambayo nayo hudhoofika kwa kukosa rangi hiyo, yataka dawati la mbele na miwani, wala si kuhesabiwa kuwa wazito wa akili. Ama habari ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoanza kuitia nchi aibu tangu katikati ya miaka ya 2000, ambayo Nyanda za Juu Kusini nazo hazikusalimika nayo, elimu hii ina neno moja la kuwaambia waaguzi na wateja wao: kilichokosekana ni protini moja ya rangi, na mfupa wa mtu huyo hauna tofauti na mfupa wa mwuaji wake.

Mfano wa tatu si wa binadamu, bali wa hindi, na ndani yake ghalati inabadilika kuwa neema. Iringa na Mbeya zimelilisha taifa kwa miaka mingi, na bado uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wana udumavu, kiwango kilicho cha juu kuliko mkoa wo wote nchini, ilhali wastani wa taifa ni 30. Sababu za udumavu ni nyingi, kama vile maradhi ya kuhara, uzazi wa karibu karibu na kazi nyingi za mama shambani. Mojawapo ni kuwa tumbo hujazwa na mahindi matupu. Protini iliyo nyingi katika hindi huitwa zeini, nayo karibu haina kabisa lisini wala triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Mtoto aweza kushiba ugali kila siku, na ribosomu zake zikakaa zikingoja lisini isiyokuja.

Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson walitangaza kwamba aina moja ya hindi lenye punje zisizopenya nuru ilikuwa na lisini karibu mara mbili ya hindi la kawaida. Baadaye ikajulikana sababu: jeni iliyoharibika, iitwayo opaque-2, kazi yake ilikuwa kuziamuru jeni za zeini ziandikwe. Amri ilipokosekana, zeini ikapungua, na nafasi yake ikachukuliwa na protini nyingine zilizo bora kwa mlaji. Hapa basi ghalati iliangukia protini itoayo amri, na kwa kuiangusha hiyo moja ikageuza hesabu ya nyingine nyingi.

Hata hivyo, nchi nayo ilitoa hukumu yake. Punje za hindi hilo zilikuwa laini kama chaki. Mavuno yalikuwa haba, na fukusi walizitoboa ghalani kwa raha. Kwa mkulima ahifadhiye chakula cha mwaka mzima kihengeni, hiyo si lishe bora, ni njaa iliyoahirishwa. Ilimlazimu Surinder Vasal, aliyetoka India, na Evangelina Villegas wa Mexico, kufanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa mahindi kilichoko Mexico, wakichagua kizazi baada ya kizazi mabadiliko mengine madogo yaliyorudisha ugumu wa punje bila kuipoteza lisini. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 2000. Muda si mrefu kituo cha Selian, Arusha, kilitoa mbegu za jamii hiyo zilizoitwa Lishe. Zinayo shida moja ambayo mwenye shamba dogo ataifahamu upesi: ubora wake hudhihiri pale tu punje inapoirithi jeni hiyo kwa pande zote mbili, na chavua ya shamba la jirani lenye mahindi ya kawaida huutangua.

Lakini asiyekuwa na mbegu hiyo hajanyimwa dawa. Maharage yana lisini tele, na hupungukiwa na methionini, ambayo hindi linayo. Yakipikwa pamoja kuwa kande, kila kimoja humfidia mwenzake. Kituo cha Uyole, kilicho kando ya barabara kuu nje ya jiji la Mbeya, kimetoa kwa miaka mingi aina za maharage zilizo bora kwa nyanda hizi, na mwanamke achanganyaye maharage hayo na mahindi katika chungu kimoja hufikia, kwa tadbiri yake mwenyewe, jambo lile lile ambalo hindi la opaque-2 lilifikishwa kwa bahati. La kusikitisha ni kuona maharage mazuri yakipakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, ilhali mtoto nyumbani amebakiziwa uji wa sembe.

Mfano wa nne nautaja kwa ufupi, ingawa umeigusa karibu kila nyumba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kuwa watu wazima wenye VVU ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa, na 9.6 Mbeya, na nchini kote 4.4. Kirusi hiki huandika wasia wake kwa RNA yenye herufi zisizofika 10,000, na kimeng'enya kiinakilicho hakina mazoea ya kurudi nyuma kusahihisha. Kwa kuwa nakala hutolewa kwa mabilioni kila siku ndani ya mgonjwa asiyetibiwa, hapana ghalati moja isiyojaribiwa. Katika mahali pa 184 pa kimeng'enya hicho, neno ATG likigeuka GTG, methionini huondoka na valini huingia: valini ile ile iliyotukutanisha na selimundu. Huku, umbo lake huifinya dawa ya lamivudini isipate mahali pa kukaa, na dawa hiyo huwa kama haikumezwa. Hapa nchi inayohukumu ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Dawa za kufubaza VVU zikiwamo wakati wote, kirusi hakipati nafasi ya kunakiliwa, na kisichonakiliwa hakikosei; zikiachwa siku kadhaa, kisha zikarudiwa, kisha zikaachwa tena, mgonjwa amefanya uchaguzi ule ule alioufanya Vasal katika mahindi, isipokuwa amewachagulia adui zake.

Mtu akiitazama mifano hii minne kwa pamoja ataona kuwa swali la kuuliza kwanza, je, badiliko ni kubwa au dogo, halina manufaa sana. Herufi 2,700 zilizopotea humwacha mtu na akili timamu na nguvu za kazi, ikiwa tu atalindwa na jua. Herufi moja iliyogeuka yaweza kumwua mtoto kabla ya kwenda shule. Na nyingine moja, jirani yake kabisa, haifanyi lolote. Linaloamua ni mahali ilipoangukia herufi katika agizo, kisha mahali anapoishi mwenye kuichukua. La kwanza hatukuliamua sisi, wala baba zetu, wala mchawi ye yote. Hutokea katika kunakili, na kunakili ndiko kuishi. La pili kwa sehemu kubwa limo mikononi mwetu, maana nchi si milima na mvua tu. Zahanati ipimayo damu ya kichanga ni sehemu ya nchi, na vivyo hivyo kofia mkononi mwa mwanafunzi, maharage yanayobaki nyumbani baada ya kuuzwa gunia, na duka la dawa lisilokosa vidonge. Wachumba wawili wa Tukuyu au wa Kihesa waliokubaliana kupimwa selimundu kabla ya harusi hawataifuta hata herufi moja ya wasia waliorithi, na hawatakiwi kuifuta. Watajua tu ni nchi gani wamtayarishie mtoto wao, na hilo ni jingi.